Tusimkate Mwanagenzi Mapema

(Mazungumzo na wanavikundi vya kujisaidia, kisiwani Mombasa)



Leo twataka tuzungumze juu ya jambo linalodhoofisha vikundi vingi kimya kimya, nalo ni namna tunavyowapokea wageni wa kazi. Kikundi chapata kijana, chamsifu, chamkabidhi kazi. Akikosea miezi ya mwanzo tu, maneno yanaanza: "Huyu hafai, tumtoe." Mfano wetu tutautoa kwenye mpira wa kikapu, mchezo ambao vijana wa hapa kisiwani wanaujua sana kwa sababu ya timu ya KPA inayocheza kule Makande.

Kule Marekani kuna ligi kubwa iitwayo NBA. Kila mwaka timu zake huchagua vijana wapya, moja baada ya nyingine. Timu zilizofanya vibaya ndizo zinazopigiwa kura ya bahati kupata nafasi za mbele. Basi mwaona: kijana anayesifiwa kuliko wenzake mara nyingi huangukia timu dhaifu, yenye haraka ya kuokolewa. Na sisi je? Kikundi kikianza kuyumba ndipo kinapomtafuta kijana aliyesoma, kikamtwika daftari, mambo ya benki na mradi wa kuku, vyote siku moja.

Mwaka 2009 jirani yetu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili katika wote. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Mpira wa kikapu alianza kuushika akiwa na miaka kama 15, wakati wenzake wa Marekani huanza wakiwa watoto wadogo. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alisifika kwa kuzuia mipira ya wapinzani. Basi timu ya Memphis ikamchukua, na watu wakangoja maajabu.

Maajabu hayakuja. Msimu wa kwanza alikuwa akipata pointi kama 3 tu kwa mchezo, tena akichezeshwa dakika kama 13, kwa maana nafasi yake ilikuwa na mtu tayari, Marc Gasol. Februari 2010, msimu haujaisha, akapelekwa ligi ndogo kwa muda. Kabla yake hakuna aliyechaguliwa juu hivyo aliyewahi kupelekwa huko. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, 2012 akapelekwa Portland, na mwaka huo huo akaenda Oklahoma City. Timu nne katika miaka mitatu! Baada ya 2014 hakucheza tena katika ligi ile, ingawa hakukata tamaa. Alienda kucheza Japani na Taiwan.

Sasa hebu tumtazame mwenzake, Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville. Yeye mwaka 2008 alichaguliwa wa 24, mbali kabisa. Timu yake ya Oklahoma City haikumharakisha. Ilimwacha mwaka mmoja Hispania acheze na kujifunza, ndipo ikamwita mwaka 2009. Miaka michache baadaye alikuwa akiongoza ligi nzima kwa kuzuia mipira, na mwaka 2019 alitwaa ubingwa na timu ya Toronto.

Hatusemi kwamba Hasheem angelelewa vile angekuwa sawa na Ibaka. Vipawa hutofautiana, na bidii ya mtu ni yake mwenyewe. Lakini mti unaong'olewa na kupandikizwa kila mwaka, mizizi itashika lini?

Mafundi wetu wa Mji wa Kale walilijua hili zamani. Fundi wa kuchonga milango mwenye busara hampi mwanagenzi mlango wa mteja siku ya kwanza. Atampa kupiga msasa, kisha kipande cha mbao kilichobaki, kisha pambo dogo la pembeni. Akiharibu, imeharibika mbao ya kutupwa, na heshima ya kijana imebaki. Sisi twafanya kinyume: twampa mlango, halafu twamlaumu kwa nyufa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba ataka ukatwe. Mtunzaji aomba uachwe mwaka mmoja zaidi. Lakini tuangalie vizuri: mtunzaji hasemi atakaa kivulini angoje. Aahidi kuuchimbulia na kuutilia mbolea. Tena akubali kwamba usipozaa baada ya hapo, ukatwe. Kwa hiyo subira ina kazi ndani yake, na ina muda wake.

Basi kikundi kinapompokea mgeni wa kazi, twashauri hivi:

1. Achaguliwe mlezi mmoja wa kumwongoza. Akiwa chini ya watu wote, hana mtu.

2. Apewe kazi moja kwanza. Akiimudu, aongezewe ya pili.

3. Muda wa kujifunza usemwe wazi na kuandikwa, tuseme miezi sita au mwaka.

4. Kila mwezi mlezi akae naye, waangalie kilichokwenda vizuri na kilichokwama. Asikaripiwe mbele ya mkutano.

5. Kosa la kutojua lifundishwe, uvivu uonywe. Ama wizi ni jambo jingine. Mwizi si mwanagenzi, na fedha za wanachama si za kujifunzia.

Ndugu zangu, kijana tunayemfukuza hapotei hewani. Arudi mtaani. Na kisiwani hapa twajua nani anamngoja huko: wauza unga hawamwulizi uzoefu wala cheti, wampokea siku hiyo hiyo. Msikiti walilia hilo, kanisa twalilia hilo. Basi kabla hatujasema "tumtoe", tujiulize kama tumechimba na kutia mbolea, au tumesimama tu tukihesabu majani.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

– Mwanachama wetu mpya wa mwisho tulimpa kazi gani, na nani alimwonyesha?

– Ni nani aliyetoka kwetu kwa kukosea ambaye tunaweza kumwita tena?

– Nani kati yetu yuko tayari kuwa mlezi mwaka huu?

Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu iendelee.