Stima Unayotumia Inalipwa na Nani?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu, leo sikuja na mada kubwa. Nimekuja na hesabu ya stima. Msicheke, maana hesabu hii ilinitoa jasho.

Mimi nakaa Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vitatu na mita moja ya tokeni. Chumba cha kwanza niko peke yangu. Cha pili wako mume na mke. Cha tatu yuko mama mmoja na watoto wake wanne. Tokeni zikiisha tunachanga sawa kwa sawa, chumba kwa chumba. Ramadhan iliyopita zikawa zinaisha mapema, hata daku tukala kwa mshumaa. Basi mimi, msomi wa chuo, nikasema mbele ya watu: "Ni hawa watoto, televisheni yao haizimwi." Yule mama hakunijibu. Alitoa pesa zake akaingia ndani.

Usiku nikachukua karatasi nitafute ushahidi. Hesabu yenyewe ni rahisi, nawe msomaji waweza kuifanya leo. Tazama wati zilizoandikwa kwenye chombo, zidisha kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000. Hizo ndizo uniti.

Nikaanza na mimi mwenyewe. Koili ya kuchemshia maji ni wati 1,500. Kwa dakika 40 kila siku, ni uniti 30 kwa mwezi. Taa yangu ya zamani ya wati 60, nayo huiacha ikiwaka usiku kucha saa 10: uniti 18. Kompyuta na spika: 15. Pasi, robo saa kila asubuhi: 7 na nusu. Jumla ni kama uniti 70.

Kisha nikamhesabia yule mama. Taa mbili ndogo za wati 10, televisheni saa nne kwa siku, na pasi ya yunifomu mara moja kwa wiki. Jumla, uniti 15. Gawanya kwa watu watano: kila mmoja uniti 3. Na mimi peke yangu 70!

Wale wa chumba cha pili nikawapata 20. Kwa hivyo ploti nzima ni uniti 105, tukachanga 35 kila chumba. Yaani kila mwezi mama huyu alininunulia uniti 20. Si hilo tu. Aprili 2023, stima ya nyumbani iliwekewa bei za ngazi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100. Bei inafuata mita, haiulizi ndani mna watu wangapi. Taa yangu tu, ile ya kulala ikiwaka, ndiyo iliyotuvusha 100 sote.

Sasa tazameni ujanja wa wastani. Ploti yetu, gawanya 105 kwa watu 8, ni uniti 13 kwa kila mtu. Ukisikia hivyo utasema hapa hakuna mwenye israfu. Kumbe mmoja amejificha nyuma ya wenzake saba.

Tunapenda kuwasema Wamarekani. Ni kweli, mwaka 2022 nyumba ya Marekani ilitumia wastani wa karibu uniti 10,800, zaidi ya 4,000 kwa kila mtu. Sisi Kenya, hata ukichanganya viwanda, ofisi na maduka, ni kama 200 tu kwa mtu kwa mwaka. Lakini uniti zangu 70 kwa mwezi ni 840 kwa mwaka. Nilikuwa Mmarekani mdogo ndani ya ploti!

Asubuhi nikaenda kumwomba mama radhi na kumrudishia chake. Akaniambia, "Nilijua, mwanangu. Kila daku nasikia maji yako yakichemka." Alijua, akanisitiri.

Ndugu zangu, tumesoma madrasa kuhusu haki ya jirani tukadhani ni sahani ya futari tu. Leo ukirudi nyumbani, kabla ya kumnyooshea mtu kidole, hesabu yako kwanza. Zima taa ukilala. Na kama mita ni moja, msichange kwa milango. Kila mtu alipe anachotumia.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.