Moto wa pori: tufundishe watoto mbele ya kiangazi

(Maneno ya mwalimu mumoja, mwanachama, kwenye mukutano wa mwezi wa tano)

Sitasema mengi, najua kuko wanaotaka kurudi ku shamba.

Wote munakumbuka moto wa mwezi wa saba, mwaka jana. Watoto wawili walikuwa wanafukuza simbiliki, wakawasha nyasi kidogo. Upepo ukachukua. Mama mumoja wa chama chetu akapoteza nyumba, pamoja na miti ya muhogo aliyoweka ya kupanda. Tulichanga, tukamujengea. Na wale watoto? Tuliwachapa. Mumoja ni wa kwangu, nilimuchapa mimi mwenyewe.

Kisha nikamuuliza: ulifikiri nini? Akasema: "Papa, nilifikiri utazimika peke yake, sawa moto wa jikoni." Na mbona hukuita watu? "Niliogopa fimbo." Alikuwa amejificha mu migomba. Wakati sisi tuliona moshi, moto ulikuwa umeshapanda mulima.

Wandugu, huyu mutoto alizaliwa Nyarugusu. Sisi tulivuka ziwa 1996, na kule kambini moto aliouona ni wa mafiga matatu. Wazee wetu walijua kuchoma mapema, nyasi zingali na ubichi, jioni upepo ukitulia, watu wamesimama na matawi mabichi. Ile elimu ilikatikia njiani. Fimbo haiwezi kuirudisha.

Basi tufundishe hivi, mukubwa akiwa karibu na ndoo ya maji.

Kwanza, funika mushumaa na glasi. Unazimika. Moto unataka vitu vitatu: joto, hewa na kitu cha kuungua. Ondoa kimoja, unakufa. Ndiyo sababu tunalima nyasi kuzunguka nyumba mpaka udongo uonekane: moto ukifika pale, hauna chakula.

Pili, simamisha unyasi mukavu, uwashe kichwani. Moto unashuka polepole. Simamisha mwingine, uwashe chini. Unapanda mbio! Joto linapanda juu, linakausha nyasi za mbele kabla moto haujafika. Mulimani ni vilevile. Kwa hiyo mutoto asikimbie kupanda. Atoke pembeni, ateremke, aende penye udongo mutupu ao maji.

Tatu, awaonyeshe mutu upepo. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa nyasi ni kavu, na upepo wa kusini unavuma na nguvu ku ziwa letu. Cheche moja inaruka njia. Ku saa za muchana hakuna kuwasha kitu porini, hata kwa kutafuta asali. Majivu nayo yamwagiwe maji, yakorogwe, yamwagiwe tena: makala inaweza kulala ndani na joto.

La mwisho ni letu sisi wazazi. Tuwaambie watoto: ukiona moto, ita watu kwanza, usipigane nao peke yako. Hata kama ni wewe uliwasha, ita. Siku hiyo hutachapwa. Na tushike hilo neno, sababu mutoto anayejificha anaupatia moto wakati wa kukua.

Naomba kila kartie itoe muzee mumoja anayejua kuchoma kwa zamani. Mimi nitaleta mushumaa na ndoo. Tuanze siku ya posho hii, mwanangu atakuwa wa kwanza kushika unyasi.