Matone Kabla ya Kupasuliwa Mtoto wa Jicho
(Mazungumzo ya muuguzi na vikundi vya kujisaidia, Bura)

 

Nianze na mzee mmoja wa upande huu, jina tuliache. Kikundi kilimchangia nauli, akapelekwa mjini kupasuliwa mtoto wa jicho. Akaketi kwenye benchi, akatiwa tone, baada ya nusu saa akatiwa lingine. Wakati wa tone la tatu hayupo! Ameenda zake kunywa chai, amekasirika: "Nimekuja kupasuliwa, wao wananitia maji tu machoni." Siku hiyo hakupasuliwa. Nauli ya watu ikapotea hivyo.

Sasa, yale si maji. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu. Daktari huitoa kupitia mboni, lile tundu jeusi la katikati. Mwangani mboni ina upana wa milimita 3 au 4 hivi, na lenzi ni kama milimita 9. Ni kama kutoa kitanda kupitia dirisha la jikoni. Kwa hiyo kuna matone ya kufungua mboni, kama tropikamaidi na fenilefrini.

Lakini daktari akishaanza kazi, jicho linahisi limejeruhiwa. Mwili unatoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zilezile zinazoleta uvimbe na maumivu ukijikata na panga. Ndani ya jicho zinafanya mboni ijifunge, na daktari hajamaliza! Hapo kifuko cha lenzi kinaweza kupasuka, ute wa nyuma ukatoka, na macho yakaharibika zaidi.

Ndiyo sababu ya matone ya kuzuia uvimbe. Aspirini mnaijua. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Ketorolaki, diklofenaki na flurbiprofeni ni ndugu zake. Flurbiprofeni, kwa mfano, hutiwa tone moja kila nusu saa, matone manne, kuanzia muda wa saa mbili kabla ya upasuaji. Hayafungui mboni, yanaishikilia isijifunge. Mboni ikishajifunga, kuyatia ni kuchelewa. Kila hospitali ina dawa zake na ratiba yake, lakini kule kungoja kwenye benchi ni sehemu ya matibabu.

Basi kikundi kikichanga, kichange nauli ya watu wawili. Msindikizaji akae na mgonjwa, asimwache aondoke wala apanguse dawa. Baadaye mwanga utamuumiza na vitu vya karibu vitafifia kwa saa kadhaa, asiogope.

Mwenye pumu, au anayedhurika na aspirini, aseme mapema. Na nyinyi wazee wa kiume, mnaotumia tamsulosini kwa shida ya mkojo, semeni hata kama mliacha zamani. Tangu 2005 madaktari wanajua kwamba dawa hiyo hulegeza mboni wakati wa upasuaji. Najua mnaona haya. Mwambieni daktari faraghani.

Kuna mama ameuliza kama chupa iliyobaki anaweza kumpa jirani mwenye ukungu. Hapana, mama. Hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho, na dawa hizi zikitumiwa ovyo zinaweza kuchoma kioo cha jicho. Jirani naye aandikishwe, apimwe.