Upepo wa Tairi na Hukumu ya Ardhi

Watu waendeshao vigari vya tiara, yaani vile vigari vya magurudumu matatu ambavyo mwendeshaji huketi chini karibu na ardhi, akaliongoza gurudumu la mbele kwa nyayo zake huku mikono yake ikishika kamba za tiara kubwa inayomkokota, wana swali moja waulizanalo kila wakutanapo, nalo ni hili: tairi zitiwe upepo ratili ngapi kwa inchi ya mraba? Jawabu aghalabu hutolewa upesi, kwa tarakimu moja, na aliyejibu huondoka akiwa radhi na nafsi yake. Mimi naona swali lenyewe lina kasoro, maana limeulizwa juu ya tairi ilhali lilistahili kuulizwa juu ya ardhi, na jioni hii nimepewa dakika chache za kuitetea hoja hiyo.

George Pocock, mwalimu wa skuli katika mji wa Bristol huko Uingereza, aliyepata hataza ya gari la kukokotwa na tiara mwaka 1826, hakusumbuliwa na jambo hili hata kidogo, kwani tairi ya upepo yenye kufaa kwa matumizi ya watu haikupatikana mpaka mwaka 1888, John Boyd Dunlop wa Belfast alipoipatia hataza. Pocock alikuwa na raha nyingine. Watoza ushuru wa barabara za wakati ule walihesabu farasi, na kwa kuwa gari lake halikuwa na farasi hata mmoja, ilibidi wamwache apite bure. Nami siachi kustaajabu kwamba katika hadithi yote ya mtu yule, hicho ndicho kisa ambacho watu hawakukisahau. Vigari vya zama zetu vilienea baadaye sana, kiasi cha mwaka 1990, kwa juhudi za Peter Lynn, mtengenezaji tiara wa New Zealand, na hivyo vikaja na tairi za toroli, ambazo kila duka la vyombo vya bustani lilikuwa nazo.

Sasa natuchukue hesabu iliyo nyepesi. Tuseme mwendeshaji na kigari chake pamoja wana uzito wa ratili 240. Tairi zikiwa na upepo wa ratili 20 kwa kila inchi ya mraba, ardhi itaguswa na inchi za mraba 12 tu, yaani, tukizigawa sawasawa, kila tairi italala juu ya kipande kisichozidi inchi mbili kwa mbili. Ukiupunguza upepo huo hadi ratili 5, eneo litakuwa inchi 48, na kila tairi itapata inchi nne kwa nne. Najua kwamba hesabu hii haina insafu kamili, kwa sababu ubavu wa tairi wenyewe hubeba sehemu ya mzigo, na tena uzito haugawanyiki sawa, bali mwingi wake hukaa juu ya magurudumu mawili ya nyuma, na tiara nayo ikivuta kwenda juu huupunguza. Lakini kwa kutufahamisha kinachotendeka chini ya kigari, yatosha.

Katika ardhi ngumu, nguvu ya tiara hupotea ndani ya tairi yenyewe: mpira hukunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka, na katika kukunjwa huko sehemu ya nguvu hugeuka joto. Tairi iliyojaa hukunjika kidogo, kwa hivyo huenda kwa wepesi. Katika mchanga mwororo mambo hupinduka. Hapo nguvu haipotei ndani ya tairi bali nje yake, katika kuchimba mfereji. Gurudumu lililojaa na kuwa gumu huzama, na likisha kuzama huwa daima linapanda ukingo wa shimo linalolichimba lenyewe, mlima usiokwisha ambao mpandaji haoni kilele chake. Yule anayetia upepo zaidi kwa sababu kigari chake kimekuwa kizito mchangani, akidhani kwamba ugumu wa tairi ni wepesi wa mwendo popote pale, huongeza lile lile linalomzamisha.

Ndugu zetu walioko Omani hawahitaji kuambiwa haya, kwa kuwa dereva aliyezoea mchanga wa Sharqiya hawezi kuingia katika vilima vile asishuke kwanza na kuzifungua valvu za tairi zake. Na Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyelizunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, alifanya vivyo hivyo. Hata hivyo ilimu yao haiwezi kuhamishwa nzima nzima. Gari la injini husukumwa mbele na magurudumu yake yenyewe, ilhali kigari cha tiara huvutwa, na mara nyingi huvutwa ubavuni. Upepo ukivuma kutoka kulia, tiara hutaka kukipeleka kigari kushoto, na kitu cha pekee kinachokizuia ni tairi zake, ambazo hufanya kazi ile ile ifanywayo na mkuku wa jahazi.

Hapa ndipo penye hatari ya kupunguza upepo bila kiasi. Dhoruba ndogo ikipiga, mzigo wote hukimbilia gurudumu la nyuma la upande wa demani, na tairi yake, ikiwa imelegea mno, hukunjika kwa ubavu mpaka ukingo wake ukaiacha ringi. Wala mtu asidhani kwamba ataijaza tairi hiyo moja na kuziacha nyingine, maana kigari kikisha kubisha, lililokuwa gurudumu la joshi huwa ndilo la demani. Gurudumu la mbele ni shauri jingine. Hilo hubeba mzigo mdogo, na kwa hivyo, likitiwa upepo sawa na ya nyuma, huigusa ardhi kwa eneo dogo zaidi, na nyayo za mwendeshaji hugeuza uma wa mbele ilhali kigari chaendelea kule kilikokuwa kikienda. Kwa rai yangu, lipungue kidogo.

Pwani ya Rømø, kisiwa cha Denmaki ambacho mchanga wake ni mpana na mgumu hata magari ya kawaida huruhusiwa kupita juu yake, humdanganya mgeni. Karibu na maji mchanga ni kama barabara. Juu zaidi umekauka na kulegea. Na kati ya hapa na pale kuna madimbwi na matuta madogo ya mawimbi yaliyoganda. Wengi hupima kwa ule mchanga mzuri. Mimi nasema mtu apimie ule mbaya, maana kwenye mchanga mgumu upungufu wa upepo utamgharimu mwendo kidogo tu, lakini mahali palipolegea, hasa pale anapolazimika kugeuka na tiara imekosa nguvu kwa nukta chache, upepo uliozidi utamgharimu safari, naye atashuka asukume. Katika nyasi pia nashauri upungufu, kwa sababu kigari hakina springi, na tairi ndiyo springi yake.

Ivanpah ni kinyume cha hayo yote. Hilo ni ziwa kavu katika jimbo la California, karibu na mpaka wa Nevada, na udongo wake ni mgumu na sawa kiasi kwamba mwaka 2009 chombo cha tanga kilipita hapo kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hapo tairi na zijae, lakini si kwa tamaa ya mwendo peke yake: tairi ngumu huteleza ubavuni mapema zaidi, na kuteleza huko, ambako mwanagenzi hukuona aibu, huipunguza kani ya dhoruba kabla haijakipindua kigari. Aliyeng'ang'ania ardhi kwa tairi laini na pana hupinduliwa akiwa bado anajisifu kwamba hatelezi.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo huwapata hasa wenye tairi pana za upepo mchache. Mtu akipima ratili 5 alfajiri, joto likiwa digrii 10 za Selsiasi, na adhuhuri joto la tairi likafika digrii 30, kipimo kitaonyesha ratili 6 na ziada, yaani zaidi ya robo ya kile alichotia, ilhali tairi ya motokaa yenye ratili 30 ingeongezeka kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi tu. Vipimo vya gereji, vilivyotengenezwa kwa ajili ya motokaa na malori, haviaminiki kwa tarakimu ndogo kama hizo, na baadhi yavyo havianzi kuhesabu mpaka ratili 10. Kwa hivyo na achukue kipimo cha shinikizo dogo pamoja na pampu ya mkono, na kabla ya kubadili lolote mchana, akitoe kigari juani akingoje kipoe.