Kusoma Kwanza: Kazi ya Shule Yetu Ndogo ya Kanisa

(Hotuba ya Mwalimu Mkuu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Kamati imenitaka nieleze kwa maneno machache jinsi tunavyofundisha shuleni kwetu, na sababu ya kufundisha hivyo. Nashukuru kwa kuitwa, maana yako maswali yanayozunguka mitaani, nami napenda niulizwe hapa kuliko yanong'onwe njiani.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Rebmann wakafungua kituo cha misheni huko Rabai. Tangu siku hizo kanisa na kitabu vimekwenda pamoja katika nchi hii. Miongoni mwa Wakikuyu, Wakristo wa mwanzo waliitwa athomi, maana yake wasomaji. Basi shule ya kanisa ikimtoa mtoto asiyejua kusoma imeiacha kazi yake ya asili, hata kwaya yake ikiimba vizuri namna gani.

Lakini kusoma ni kitu gani? Yuko mtoto wa Gredi ya 2 amalizaye ukurasa mzima bila kukwama, na nyumbani hushangiliwa. Mwalimu akiifunika picha kwa karatasi na kumwonyesha neno moja tu katikati ya mstari, mtoto hunyamaza. Ameukariri ukurasa kwa kuwasikia wenzake. Ndiyo sababu walimu wetu huwasikiliza watoto mmoja mmoja, wengine wakiandika au kuchora. Mtoto huusoma mstari, kisha huyasoma maneno yake kutoka mwisho kurudi mwanzo, kisha huifunga kachapisho na kueleza kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasoma. Twasikiliza kama aitofautisha sauti ya kwanza ya ng'ombe na ile ya ngoma. Kazi hii ni ya polepole, na mgeni apitaye dirishani huenda akadhani darasa limelala.

Swali linalochemka zaidi ni la Kiingereza. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, waelekeza kwamba Gredi ya 1 hadi ya 3 zifundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo, na Kiingereza kifundishwe kama somo. Kwetu lugha hiyo ni Kiswahili, kwa kuwa watoto wetu ni wa makabila mbalimbali. Wazazi kadha wa kadha wamewahamishia watoto wao shule za binafsi, ambako husalimiwa kwa Kiingereza tangu langoni. Hasara yake twaiona. Tangu karo ilipoondolewa katika shule za msingi za umma mwaka 2003, Serikali hutoa fedha kwa hesabu ya wanafunzi, na kila mtoto ahamaye huondoka na sehemu ya chaki ya waliobaki.

Hata hivyo sioni njia nyingine iliyo ya haki. Katika Kiswahili herufi a ina sauti moja popote uikutapo. Katika Kiingereza herufi hiyo hiyo hugeuka kila mara. Mtoto akikwisha kufahamu, kwa lugha aisikiayo kila siku, kwamba herufi hubeba maana, atakwenda na ufahamu huo kwenye Kiingereza. Aliyezoea kuitikia kwa sauti kuu asichokielewa atakwenda na sauti tu.

Juu ya dini nitasema kidogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yalipa kanisa, kama mfadhili, nafasi katika halmashauri ya shule na katika malezi ya kiroho, lakini yalitaka liheshimu imani za wengine. Watoto Waislamu tunao, wala hawalazimishwi kuhudhuria sala zetu. Na wale wanaouliza bado mtoto amekuwa wa ngapi, nawakumbusha kwamba mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nafika kwenye fedha. Limetolewa pendekezo kwamba mchango wa Chama wa mwaka huu ujenge lango jipya lenye jina la shule. Lango ni kitu chema, na mbuzi wa jirani wangezuiliwa. Lakini mwalimu mmoja hawezi kulisikiliza darasa zima kwa siku moja. Asiyefikiwa Jumatatu hufikiwa Alhamisi, na kwa mtoto dhaifu siku tatu ni nyingi mno. Aliyoyapata huwa yamekwisha kumtoka. Naomba mchango huo ununue vitabu vya hadithi vya Gredi za chini, na kabati lenye kufuli, na kinachobaki kiwe posho ya kijana mmoja aliyemaliza sekondari, aje kila asubuhi kusaidia kuwasikiliza wasomaji.

Wajumbe watakaopiga kura juu ya jambo hili nawaomba waje shuleni kabla ya siku hiyo, saa mbili asubuhi. Wachague mtoto yeyote na kitabu chochote, wamketishe karibu nao, wamsikilize.