Supu ya Maharage Ipikwayo Polepole

Jioni hii nitasema nanyi juu ya supu ya maharage na boga, ipikwayo siku nzima pasipo mtu kuisimamia. Khasa nataka kuwaeleza jambo moja juu ya maharage mekundu, maana wapishi wengi hawalijui, na mwenye kulipuuza aweza kuiuguza nyumba nzima.

Katika nchi za kaskazini, kama Marekani na Uingereza, ifikapo Septemba majani ya miti huanza kugeuka rangi na kupukutika. Baridi huingia, maboga huvunwa, na watu hutamani chakula kizito cha moto. Wengi hutumia chungu cha umeme, nacho ni bakuli zito la udongo lililotiwa ndani ya chombo kitoacho joto kidogo kidogo. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, naye alipewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1940. Mamake alikuwa amemhadithia habari za mji wa Vilna, ambako Wayahudi walipeleka vyungu vya maharage na nyama kwa mwokaji mikate siku ya Ijumaa jioni, vikaiva usiku kwa joto lililosalia katika tanuri, kwa kuwa siku ya Sabato hawawashi moto. Mwaka 1971 chombo hicho kilianza kuuzwa kwa jina la Crock-Pot.

Sasa lile jambo lenyewe. Maharage mekundu mabichi yana sumu. Punje nne au tano tu zatosha kumtapisha mtu na kumwendesha tumbo, katika muda wa saa chache. Sumu hiyo huondolewa na maji yanayotokota kweli kweli, walakini joto dogo haliiondoi, bali laweza kuizidisha. Maji yatokotayo yana digrii 100, na chungu cha umeme huenda kikakaa saa nyingi kwa digrii 75 au 80 tu. Basi harage laweza kuwa laini mdomoni, nalo lina sumu bado. Ulaini si ushahidi.

Kwa hiyo, loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, kisha yachemshe juu ya moto mkali dakika 30, ukihesabu tangu yaanzapo kutokota. Nasema moto, si chungu cha umeme. Maji hayo nayo uyamwage.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Tandaza karoti na vitunguu chini ya chungu, maana huchelewa kuiva kuliko nyama. Juu yake weka maharage, vipande vikubwa vya boga, na mfupa wa ng'ombe wenye nyama kidogo. Mimina lita 2 za maji ya moto, funika, ukiache kwa moto mdogo saa 8. Usifunuefunue! Kila mara mvuke hutoka, na chungu huchelewa kurudia joto lake. Nyanya na chumvi tia mwishoni. Nyanya zikitangulia, maharage hukataa kulainika.

Asiye na umeme atumie kikapu kikubwa kilichoshindiliwa majani makavu. Sufuria ichemshwe kwanza pamoja na vyote vilivyomo, ifunikwe, izikwe upesi ndani ya majani, na juu yake pawekwe mto mzito. Kuni zitasalimika nyingi. Jioni supu irudishwe motoni itokote tena kabla ya kupakuliwa, maana kikapu hakizalishi joto, chalitunza tu.

Supu ikibaki, msiiache chunguni mpaka asubuhi. Igaweni katika vyombo vidogo ipoe upesi, mkaiweke mahali pa baridi. Na kesho yake ipashwe moto katika sufuria mpaka itokote.