Kinafanya Nini Kinaposubiri?

(Mazungumzo na wanafunzi wa klabu ya afya, Kidichi, Unguja, siku chache kabla ya Ramadhani. Mzungumzaji ni mwalimu aliyezaliwa na kukulia hapo hapo.)

Assalamu alaikum, wanangu.

Mbona mnaitikia kwa sauti ndogo? Hamjaanza kufunga bado! (Kicheko.)

Najua wiki hii kila mmoja wenu keshaambiwa, "Shika fagio, mwezi unaingia." Vitu vinatolewa nje, na ugomvi unaanza. Nyinyi mnataka kila kitu kiende jaani. Bibi hataki kutupa hata kifuniko cha chupa. Nani ana haki? Kabla ya kujibu, nikupeni kisa changu.

Nilikuwa Kidato cha Pili. Bibi alikwenda Makunduchi arusini, nami nikasema leo nitamfurahisha. Nikaingia uvunguni mwa kitanda chake, nikakuta mkebe wa biskuti umejaa karatasi zilizoliwa na mende, wino umefifia. Takataka hizi! Nikazichoma. Uwani kulikuwa na tairi mbili, ndoo iliyopasuka ukingo na makopo ya rangi. Hayo nikayapanga vizuri ukutani. Nilijiambia, yatafaa siku moja.

Bibi aliporudi hakunipiga. Aliuliza tu, "Mkebe wangu uko wapi?"

Ndani ya mkebe ule mlikuwa na karatasi ya eka tatu, lile shamba alilopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964. Babu alikuwa keshafariki. Siku ya mirathi ilipofika, baba na ami zangu walihangaika kutafuta wazee wa kutoa ushahidi, na maneno makali yakapita baina ya ndugu wa tumbo moja. Kisa ni kiberiti changu.

Masika yalipoingia, mdogo wangu akashikwa na homa. Kichwa kinamgonga, macho yanamuuma kwa nyuma, viungo vyote vinalia, kisha vipele. Akapimwa malaria, hana. Daktari akasema dalili ni za homa ya dengi, akatuuliza, "Uwani kwenu kuna vitu vinavyoshika maji?" Nikainamisha kichwa. Alipona, alhamdulillahi, lakini nilikuwa nimechoma cha kuweka, nikaweka cha kutupa.

Msidhani homa za namna hii ni ngeni kwetu. Mwaka 1870 Zanzibar ilipata mripuko wa homa iliyoitwa kidinga pepo. Daktari mmoja wa Kiskochi aliyekuwa mjini, James Christie, aliiandika habari yake mwaka 1872, na wazee walimwambia walishaiona homa kama ile zamani, mnamo 1823. Wapo wataalamu wanaosema jina la dengi lenyewe limetokana na neno hilo letu. Na leo homa ya dengi tunaiita kidingapopo.

Wakati ule hawakujua kwamba mbu ndiye anayeileta. Sisi tunajua. Mbu huyu ana madoa meupe miguuni, na anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Hahitaji bwawa. Kifuu kimoja cha nazi chenye maji kinamtosha. Mayai yake anayagandisha ukutani mwa chombo, na yanaweza kukaa makavu miezi, yakingoja mvua. Yakipata maji, siku saba hadi kumi tu mbu keshatoka. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi. Chombo lazima ukisugue, kila wiki.

Basi swali la kuuliza si "kizee au kipya?" Wala si "kitafaa siku moja?" Kila kitu tunachokiweka kinasubiri. Uliza hivi: kinafanya nini kinaposubiri?

Tairi nje linasubiri huku linafuga mbu. Litoboe, lijaze udongo upande kitu, au liweke pasipofika mvua. Usilichome, moshi wake ni sumu.

Vidonge vilivyobaki baada ya homa ya mwaka jana vinasubiri huku vinapitwa na wakati, na vinasubiri mtu wa kujitibu kwa kubahatisha. Vipeleke kituo cha afya au duka la dawa, waulize wavifanyeje. Usivitupe kisimani wala chooni.

Mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda yanasubiri mtoto mwenye kiu. Hayo yashughulikie leo, usingoje kesho.

Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi ya shamba: hivi vinasubiri siku ya kuulizwa. Vitie kwenye mfuko usioingia maji, na zaidi ya mtu mmoja wajue vilipo.

Na kanga ya marehemu mama? Ifue, ikunje, iweke. Haimdhuru mtu. Hamamu yetu hapa Kidichi, aliyoijenga Sayyid Said mnamo 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, nani anaoga mle leo? Hakuna. Lakini nani atasema ibomolewe? Kumbukumbu nayo ni kazi.

(Mwanafunzi: "Mwalimu, na kama bibi hataki kabisa?")

Swali zuri. Usimwibie kama nilivyofanya mimi. Kaa naye chini, toa kitu kimoja kimoja, umuulize, "Bibi, hiki kina habari gani?" Nusu ya vitu atakupa habari yake, na utajua kwa nini vinakaa. Nusu nyingine atacheka mwenyewe aseme, "Katupe." Ndoo yenye viluwiluwi, mwoneshe viluwiluwi. Mtu hushindana na maneno, lakini akishaona kwa macho atashindana na nini?

Na mtu akipata homa kama ile, msimpe aspirini wala ibuprofen, maana zinaweza kuzidisha hatari ya kutoka damu. Mpeni maji ya kutosha, mpelekeni kituo cha afya.

Kazi yenu ya wiki hii: zungukeni uwani, hesabuni vitu vinavyoshika maji. Jumamosi nitauliza. Na kabla hujawasha kiberiti, soma karatasi.

Ramadhani njema.